Watoto wa Mtakatifu Wanakula Nini?

Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, Mwaka A
Masomo: Mwa 2:7-9, 3:1-7, Rum 5:12-19, Mt 4:1-11



Jumatano iliyopita tulipakwa majivu. Wengi wenu mliohudhuria misa ya alfajiri mliondoka nayo usoni, mkapanda daladala, mkaingia kazini, na huenda yupo aliyewauliza mmejigonga wapi. Leo ni Dominika ya kwanza ya Kwaresima, na Mama Kanisa ametuandalia masomo ambayo tukiyasikiliza kwa utulivu tutaona yanahusu jambo la kila siku katika kila nyumba, nalo ni chakula. Katika Kitabu cha Mwanzo mwanamke anautazama mti, anaona matunda yake yanafaa kwa kuliwa, anatwaa, anakula, anampa na mumewe. Katika Injili ya Mathayo Bwana wetu amefunga siku arobaini, ana njaa, na mshawishi anamwendea na kumtaka ayageuze mawe kuwa mikate. Adamu alianguka akiwa ameshiba, bustani nzima iko mbele yake. Kristo alisimama imara akiwa na njaa, na mbele yake kulikuwa na mawe matupu.

Tuangalie pia kwamba mshawishi hakuanza kwa kumwambia Yesu aibe au aue. Alianza na mkate, kwa kuwa anafahamu mahali binadamu anapoguswa upesi. Mkate si dhambi, wala mwenye njaa kuutafuta si dhambi. Swali lilikuwa utapatikana kwa njia gani na kwa kumtii nani.

Leo napenda tuzungumze juu ya kukua katika utakatifu, na nimeona nianzie hapo kwenye mkate. Niruhusuni niwapeleke Kiwalani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihudumu upande huo wa jiji letu la Dar es Salaam. Wakazi wa huko wananielewa nikisema kwamba mhubiri wa Kiwalani hana budi kujifunza kunyamaza: ndege inapita juu ya mabati ikielekea Uwanja wa Julius Nyerere, naye anasubiri mpaka iishe ndipo amalizie sentensi yake. Nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikaanga dagaa, mtaa mzima unajua. Na huko kwenye Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wangali wakiiita Barabara ya Pugu, vimepangana viwanda na maghala, na ndiko waumini wetu wengi wanakopata riziki, wakiwa vibarua, walinzi, makarani, madereva, na akina mama lishe wanaowapikia wote hao.

Mmoja wao alikuwa karani wa ghala. Alikuwa pia katibu wa jumuiya yake ndogo ndogo, mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri. Siku moja akaagizwa kusimamia kazi ya usiku: makopo ya maziwa ya unga, ya watoto wachanga, yaliyokuwa yamepitwa na tarehe, yabandikwe karatasi mpya zenye tarehe nyingine. Yule bwana alikataa. Tena hakuishia kukataa, bali alikwenda mwenyewe kutoa taarifa kwa wakaguzi wa serikali, na makopo yakachukuliwa yakateketezwa. Mkataba wake ulikuwa umebakiza majuma machache, nao haukuandikwa upya. Lakini si yeye peke yake aliyeumia. Kwa muda wa miezi miwili hivi ghala lile halikuita vibarua, na vijana waliokuwa wakipata posho ya siku hapo wakakaa vijiweni mikono mitupu. Mtaa ukamgeukia. Wakamwita msaliti. Hata katika jumuiya yake walikuwapo walioacha kumpa mkono wa amani.

Ijumaa moja ya Kwaresima, baada ya Njia ya Msalaba, alinijia pamoja na mkewe. Nilimsikiliza, kisha nikampongeza kwa maneno mazuri. Nikamwambia kwamba ameingia katika njia ya utakatifu, nikamtajia na majina ya watakatifu wawili watatu walioteseka kwa ajili ya haki. Yeye alitazama chini. Mkewe ndiye aliyesema. Alisema kwa heshima, bila kupandisha sauti: “Baba Padre, samahani. Watoto wa mtakatifu wanakula nini?”

Sikuwa na jibu. Nikasema nitawaombea. Kisha nikafanya vibaya zaidi, na hili naliungama leo mbele yenu nyote mnaonisikia. Nilimwambia mume kwamba pengine angetumia busara. Angeomba ahamishiwe kazi nyingine mle mle ghalani, yeye asiyaguse makopo, wabandike wengine. Hiyo ndiyo busara niliyompa mtu aliyekuja kutafuta nguvu kwa mchungaji wake. Na ulimi wangu ulikuwa na sababu ya kulegea. Mwenye ghala nilimfahamu. Mwaka uliotangulia alikuwa ametuchangia saruji kwa ujenzi wa kigango chetu, nami nikamwandikia barua ya shukrani, yenye muhuri.

Nitarudi kwa mama huyu na swali lake. Kwanza tutazame utakatifu wenyewe ni kitu gani, maana nadhani kosa langu lilianzia hapo.

Katika nyumba zetu picha za watakatifu hutundikwa juu, karibu na dari, pale ambapo moshi wa jiko haufiki. Nasi pole pole tumezoea kuwaza kwamba utakatifu wenyewe nao uko huko: ni wa mapadre na watawa, ni wa watu wenye muda wa kusali, ni wa wale waliokwisha kuacha mambo ya dunia. Mlei aliye sokoni anajihesabu kuwa mtu wa kawaida, akitumaini kuponea mlangoni kwa huruma ya Mungu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliliondoa wazo hilo waziwazi katika hati juu ya Kanisa, Mwanga wa Mataifa, iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964. Sura nzima ya tano ya hati hiyo inaeleza kwamba wote waliobatizwa wameitwa kwenye ukamilifu wa upendo, kila mmoja katika hali yake na kazi yake. Na mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita alikuwa amewatangaza kuwa watakatifu Mashahidi 22 wa Uganda. Miongoni mwa hao 22 hakuna hata padre mmoja. Wengi walikuwa vijana watumishi wa ikulu. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, naye akawafundisha wenzake dini. Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alibatizwa na Karoli Lwanga wakiwa tayari wamekwisha kuona kifo kinakuja, siku chache kabla ya moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886.

Lakini kuna mahali pa zamani kuliko Mtaguso panapotufundisha jambo hili, na kwa bahati njema ndipo Kanisa litakapotupeleka kesho. Somo la kwanza la Jumatatu ya juma la kwanza la Kwaresima hutoka katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19. Mungu anamwagiza Musa awaambie Waisraeli wote, si makuhani peke yao, kwamba yawapasa kuwa watakatifu kwa sababu yeye Bwana ni mtakatifu. Mtu akisikia mwanzo huo atatazamia yafuate maelezo ya ubani, mavazi na sadaka. Yapo machache. Yanayofuata kwa wingi ni mambo ya shambani, ya kazini na ya barazani. Usivune shamba lako mpaka pembeni kabisa, uwaachie maskini na wageni. Usiibe. Usimdanganye mwenzako. Ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usimwekee kipofu kizuizi njiani. Usipendelee katika hukumu, si tajiri, si maskini. Usizungukezunguke ukipeleka umbeya. Na mbele kidogo, aya ya 35 na 36, ambazo kesho hazitasomwa, Mungu anataja mizani, mawe ya kupimia na vibaba.

Kwa maneno mengine, Mungu alipotaka kulieleza taifa lake utakatifu ni nini, alishuka mpaka kwenye kibaba.

Nasi vibaba tunavijua. Tunalijua kopo lililobonyezwa kitako ili unga ujae upesi. Tunaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima auze gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Tunamjua dada wa kazi anayeambiwa kila mwisho wa mwezi kwamba fedha zake anawekewa, na siku anapotaka kurudi kwao anaambiwa alivunja sahani. Tunamfahamu kibarua wa kupakua mizigo anayeambiwa aje kesho, na kesho aje keshokutwa. Huyo aliyeuzuia ujira ule pengine leo asubuhi amepokea komunyo. Sisemi haya ili kumwaibisha mtu. Mimi mwenyewe nimekwisha kuwaambia habari za saruji.

Tena tuna ufundi wa kuyapa mambo haya majina ya adabu. Rushwa ni chai, ni soda, ni asante, ni kitu kidogo, ni ya maji. Jina zuri la takrima liliwahi kuingizwa hata katika sheria zetu za uchaguzi mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipolitengua mwaka 2006. Nami naongeza jina jingine katika orodha hiyo, nalo ni lile nililolitumia mwenyewe kwa karani wa watu: busara.

Makatekista wapendwa, ninyi mnaofundisha watoto wetu Jumamosi mchana chini ya miti na kwenye mabanda, nina ombi kwenu. Amri ya saba aghalabu mnaifundisha kwa mfano wa mtoto anayeiba embe la jirani. Mfano huo unafaa mahali penye miembe. Mtoto wa Kiwalani anatumwa dukani mara tano kwa siku. Mfundisheni juu ya chenji, juu ya kopo, juu ya mama yake anayeuza maandazi na ukubwa wa andazi lile. Atakwenda nyumbani na maswali. Wazazi watakasirika kidogo. Si vibaya.

Sasa niwasimulie habari za kijana mmoja ambaye jina lake litawachekesha watoto. Aliitwa Floribert Bwana Chui bin Kositi. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1981 huko Goma, mashariki ya Kongo, mji uliopo kandokando ya Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Rwanda, ambako watu wanasali kwa Kiswahili kama sisi. Alisoma sheria. Akapata kazi katika ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, na mwaka 2007 alikuwa kazini Goma, mpakani. Ninyi mnaofanya kazi bandarini, uwanjani na kwenye maghala mnaifahamu kazi ya namna hiyo: karatasi inaletwa mezani, na shehena ya watu wengine inasubiri saini yako.

Ikaja shehena ya mchele ulioharibika. Akaletewa fedha ili aupitishe. Akakataa. Akaongezewa, akakataa tena, na vitisho vikafuata. Alimshirikisha rafiki yake, mtawa aliyekuwa daktari, akitaka kujua chakula cha namna ile kingewadhuru watu kiasi gani. Kwa yale yaliyosimuliwa baadaye, aliona kwamba fedha zile zingekwisha upesi, lakini wale ambao wangekula mchele ule wangebaki na madhara yake. Na alijiuliza kama yeye anaishi kwa ajili ya Kristo au la. Chakula kile hakikuwafikia watu. Jumamosi tarehe 7 Julai 2007 Floribert alitekwa nyara. Jumatatu tarehe 9 alikutwa amekufa, na mwili wake una alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tarehe 2 Februari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko, akizungumza na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, aliwasimulia habari zake kama mfano wa kijana aliyeweza kufumba macho na kupata fedha, lakini kwa kuwa Mkristo akachagua vingine. Novemba 2024 Papa huyo huyo aliidhinisha tamko kwamba kifo cha Floribert ni cha shahidi wa imani. Naye akatangazwa mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, tarehe 15 Juni 2025, wakati mji wake wa Goma ulikuwa umekwisha kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari ya mwaka ule.

Ndugu zangu, lipo jambo hapa tusiloweza kulipita. Zamani shahidi wa imani alikuwa yule aliyeambiwa: mkane Kristo au ufe. Floribert hakuna aliyemwambia amkane Kristo. Aliambiwa atie saini. Na Kanisa limetamka kwamba saini ile aliyoikataa ilikuwa sawasawa na kumkana Kristo. Nawaombeni mlitafakari jambo hili mnapokuwa mezani pa ofisi zenu siku ya Jumatatu.

Lakini je, alizipata wapi nguvu? Hapa ndipo tunapofikia kukua. Mtu hawi Floribert kwa siku moja, siku fedha zinapowekwa mezani. Siku ile inaonyesha tu kile kilichokuwa kikikua. Akiwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, chama cha walei kilichoanzia Roma mwaka 1968, akawa akienda kuwatafuta watoto wa mitaani wa Goma, wale wanaolala nje na kula wanachookota. Alikuwa akiwafundisha kusoma katika Shule ya Amani, akisaidia wapate chakula na kurudi masomoni. Miaka kadhaa alifanya hivyo, bila mtu kupiga picha. Basi mchele mbovu ulipoletwa mbele yake, kwake hiyo haikuwa shehena tu. Alizijua sura za watoto ambao wangeula. Maskini ndio wanunuzi wa chakula cha bei ya kutupa, na yeye maskini aliwafahamu kwa majina.

Hiyo ndiyo neema inavyofanya kazi ndani ya mtu. Tulipobatizwa tulipewa utakatifu kama mbegu. Hatukuupata kwa juhudi zetu, na Mtume Paulo katika somo la pili la leo anasisitiza kwamba ni zawadi iliyotujia kwa utii wa mmoja, Yesu Kristo. Lakini mbegu inataka shamba. Sala, Ekaristi na kitubio vinaimwagilia. Kama kila siku unaikanyaga kwa hila ndogo, itadumaa, hata ukiimwagilia namna gani. Na kila ukikataa hila moja ndogo, ambayo hakuna aliyeiona, inaota jani. Mwuza duka anayerudisha shilingi mia mbili iliyozidi amefanya zoezi. Dereva anayekataa kununua mafuta yaliyofyonzwa kwenye lori la tajiri wake amefanya zoezi. Kwaresima hii wengine mtaacha nyama, wengine pombe, nami nawasifu. Ila funga ya namna hii pia ipo, tena haimalizwi na Pasaka.

Sasa turudi kwa mama wa Kiwalani, maana nisiporudi nitakuwa nimemkimbia mara ya pili.

Swali lake lilikuwa sahihi, na halikuwa swali la mtu mwenye imani haba. Alikuwa tayari kubeba msalaba wa mumewe. Alichouliza ni kama atambeba peke yake. Mimi nilikuwa nimemweka mume juu ukutani, karibu na dari, pamoja na picha. Naye alikuwa akinikumbusha kwamba mtu huyo ana watoto watatu na kodi ya chumba. Tukiwahubiria watu wakatae mkate wa dhuluma, halafu wakiukataa tuwaache walale njaa wao na watoto wao, mahubiri yetu yanakuwa mizigo tunayowafungia wengine mabegani, na Bwana wetu alikwisha kuwakemea watu wa namna hiyo.

Jibu halikutoka kwangu. Lilitoka katika jumuiya yao, siku ya sala ya Jumamosi alfajiri. Mama lishe mmoja, ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza wateja kwa kuwa vibarua hawakuitwa tena, alisimama akasema kwamba watoto wa katibu watakula kwake mchana mpaka Pasaka, na kwamba asiyependa na asipende. Wakatazamana. Mwingine akasema atatoa unga. Mzee mmoja ambaye kijana wake alikuwa kijiweni kwa ajili ya mkasa ule hakutoa kitu siku ile, na sidhani ni haki kumlaumu. Juma la tatu alileta mkaa. Baada ya Pasaka wakachanga, wakamnunulia karani gunia la mchele, nusu gunia la maharage na mizani iliyokuwa imetumika. Akafungua genge.

Msidhani kwamba sasa nitawaambia alitajirika. Hakutajirika. Mtoto wake mkubwa alikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa mahitaji ya shule, akarudi darasani na wadogo zake, na jambo hilo linamuuma baba yake hata leo. Kazi ya ukarani hakuipata tena. Wapo mtaani ambao mpaka ninapoondoka huko walikuwa hawajamsamehe. Ila mizani yake inapima kilo moja kwa kilo moja, nasi tuliokuwa tukimnunulia tulilijua hilo.

Saruji imo ukutani mwa kigango, siwezi kuing'oa. Nilichoweza kufanya ni kwenda nyumbani kwake jioni moja, nikakaa kwenye kigoda alichonipa mkewe, nikamwomba msamaha kwa ajili ya ile busara yangu. Aliniambia kwamba alikwisha kusahau. Mkewe alisema kwamba yeye hajasahau, lakini amesamehe, akanipakulia wali.

Tangu siku ile kamati ya ujenzi ya mahali ninapohudumu ina desturi ya kuuliza mchango mkubwa umetokana na nini kabla ya kuandika barua ya shukrani. Tumepoteza michango miwili kwa kuuliza hivyo, na paa la sakristia limechelewa. Waumini wamenung'unika, nami nimewaambia wazi kwamba mvua ikinyesha tutasogea upande wa pili.

Viongozi wa jumuiya mnaonisikiliza, mkutanapo juma hili kwa ajili ya tafakari ya Kwaresima, msimalize kwa sala na matangazo peke yake. Ulizeni kama yupo miongoni mwenu, au katika nyumba za jirani, hata akiwa si wa dini yetu, ambaye amepoteza kazi au biashara kwa sababu alikataa jambo ovu. Watu wa namna hiyo hawajitangazi. Aghalabu wanaona haya, kwa kuwa mtaa umewaambia kwamba ni wajinga. Mkimpata, msianze kwa kumsifu. Angalieni kwanza kama jiko lake limewashwa.

Kesho, kama nilivyosema, litasomwa somo la Walawi sura ya 19: aya ya kwanza na ya pili, kisha kutoka ya 11 hadi ya 18. Wasomaji walitayarishe vema, walisome bila haraka. Wale mtakaobaki nyumbani fungueni Biblia, msome na ya 9 na ya 10, zinazorukwa, zile za kuwaachia maskini pembe za shamba, mkaziunganishe na zile za mizani, 35 na 36. Injili ya kesho ni ya Mathayo sura ya 25, pale Mfalme anapowatenga watu mkono wa kuume na wa kushoto, na jambo la kwanza analolitaja ni kwamba alikuwa na njaa, wakampa chakula.

Tumsifu Yesu Kristo.